Zamu Ikiisha, Akili Nayo Ipumzike

Askari akabidhipo bunduki ghalani jioni, kazi ya siku huhesabiwa kuwa imekwisha. Mwili, hata hivyo, haujui kwamba zamu imekwisha. Askari aliyesimama tangu alfajiri mpakani Mpondwe, karibu na Bwera, akipekua mizigo na kutazama nyuso za watu wavukao mto Lhubiriha kuja na kurudi Kongo, huondoka hapo moyo ungali ukimdunda na misuli ya shingo imekaza. Polisi aongozaye magari mjini Kasese yu katika hali iyo hiyo. Wengine hutafuta nafuu katika chupa. Wengine hufika nyumbani na hasira ambayo mke na watoto hawakuistahili. Iko njia nyingine isiyogharimu hata shilingi moja, nayo ni kuipumzisha akili kwa taswira.

Jambo hili si uganga. Ewe msomaji, iwazie ndimu iliyokatwa na kunyunyiziwa chumvi: mate yatakujaa kinywani ingawa ndimu haipo. Mwili hutii yaonwayo na macho, na hutii pia yaonwayo na akili. Ikionekana hatari, mishipa ya fahamu huuamuru moyo kwenda mbio, pumzi kuwa fupi na misuli kukaza, ili mtu apigane au akimbie. Ukionekana usalama, mishipa mingine huyatuliza hayo yote.

Mabingwa wa tiba wameyachunguza mambo haya kwa miaka mingi. Mwaka 1929 daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, alichapisha kitabu juu ya kulegeza misuli kundi baada ya kundi. Mwaka 1932 daktari wa Ujerumani, Johannes Schultz, alieleza mazoezi ambayo mtu hujiwazia mikono yake ikiwa mizito na yenye joto. Naye Herbert Benson, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza mwaka 1975 jinsi mtu awezavyo kujitia katika utulivu, hata mapigo ya moyo na pumzi vikapungua.

Huenda askari akasema kwamba kuwazawaza si kazi yake. Kwa hakika ni yake kuliko watu wengi. Kabla ya doria, kamanda huchora juu ya mchanga kilima, mto na njia, na kila askari hukiona kilima hicho akilini kabla hajakifikia. Aidha, yule alalaye huku akiyaona tena mabishano ya mchana, anazo taswira tele. Kasoro ni kwamba zinamwendesha yeye, badala ya yeye kuziendesha.

Namna ya kufanya ni hii. Kwanza, zamu iwe imekwisha na silaha imekabidhiwa. Zoezi hili halifai kamwe lindoni wala kwenye usukani. Keti mahali pa kimya. Kaza ngumi ukihesabu hadi 5, kisha zilegeze. Fanya hivyo kwa mabega na kwa uso. Vuta pumzi puani polepole, uitoe polepole zaidi. Halafu chagua mahali pamoja pa amani. Aliyeko Kasese aweza kuiwazia milima ya Rwenzori alfajiri, kabla mawingu hayajaifunika, pamoja na kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, kikiwa na theluji. Usitosheke na kuona: sikia baridi shavuni, sauti za ndege, harufu ya moshi wa kuni. Akili ikitoroka, irudishe bila kuikaripia. Dakika 10 kila jioni zatosha kuanzia.

Yafaa kuchagua mahali kwa uangalifu. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ukaharibu nyumba na hospitali ya Kilembe. Kwa aliyewaokoa watu siku hizo, sauti ya maji yaweza kuwa mateso. Vivyo hivyo kwa waliofika Mpondwe Juni 2023, baada ya waasi wa ADF kuwaua wanafunzi shuleni. Mtu ambaye akifumba macho hujiwa na picha za namna hiyo, na ayaache macho wazi, ashike hesabu ya pumzi tu, na aende kwa daktari au mshauri. Hilo si jambo la aibu. Ni jeraha kama majeraha mengine. Wapo pia watu ambao kwa maumbile hawaoni picha yoyote akilini. Hao na wawaze sauti, au uzito wa mikono yao.

Silaha husafishwa kila baada ya kutumika, wala hapana kamanda aitaye kazi hiyo anasa. Akili ya askari hutumika kila siku kuliko bunduki yake. Nayo yastahili kutunzwa kila siku.