Vioo Vinapotoa Jasho

Mama msomaji, siku ya baridi na mvua mjini London, vioo vya basi la ghorofa hutiririka maji kwa ndani. Basi halivuji. Pumzi za abiria na makoti yaliyolowa hutoa mvuke. Ukigusa kioo cha baridi hugeuka matone, kama kwenye kifuniko cha sufuria ya wali. Watoto hufurahi kuchora humo, lakini mama haoni kituo chake. Akikurupuka kushuka na mtoto, ngazi zilizolowa kwa viatu huteleza.

Fungua kidogo dirisha la juu: hewa ya nje, ingawa ni baridi, ina mvuke kidogo. Ukiwa na mtoto mdogo, kaa chini, karibu na mlango.