Mwombaji Aketiye Kivukoni

Somo: Marko 10:46–52

 

Wakaao Likoni waujua vema mteremko wa kivukoni. Kila asubuhi watu maelfu kwa maelfu hushuka pale kwenda kisiwani. Mwenda kwa miguu hatozwi nauli. Lakini kabla hajaifikia feri, hupita mbele ya watu wengine ambao hawavuki. Yupo asiyeona na mtoto amshikiaye fimbo. Yupo mama aliyepakata mtoto mchanga. Yupo mzee aliyekatwa mguu. Bakuli liko chini, sarafu yalia ndani yake, nasi twapita mbio, kwa maana feri haingoji mtu.

Mimi nami nimepita hapo miaka mingi. Palikuwa na mzee mmoja asiyeona, ambaye nilizoea kumtilia shilingi kumi, nikajiona nimetimiza wajibu wangu. Asubuhi moja feri ilichelewa, nikajikuta nimesimama kando yake. Nikaona haya kunyamaza. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikamwuliza jina lake, na mahali alalapo. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hapa napewa kila siku, namshukuru Mungu. Lakini kuulizwa, siulizwi." Halafu akanieleza ya kwamba kitambulisho chake kilipotea zamani, na hana mtu wa kumfikisha kwa chifu. Hilo ndilo lililokuwa hitaji lake. Shilingi zangu za miaka yote hiyo hazikuligusa.

Sasa tumtazame Bartimayo. Naye aliketi kando ya njia, nje ya Yeriko. Aliposikia Yesu anapita, alipaza sauti, na watu wengi wakamkemea anyamaze. Angalia, mpenzi msikilizaji, waliomkemea ni nani. Hawakuwa wapagani wala wanyang'anyi. Walikuwa katika msafara wa Yesu! Walikuwa wakimfuata Bwana, na kelele za maskini zikawaudhi. Lakini Yesu alisimama. Akawaagiza watu wamwite. Kisha akamwuliza kipofu yule anataka atendewe nini. Je, Bwana hakujua? Kila mtu aliona ya kuwa haoni. Hata hivyo alimwuliza, kwa sababu Bartimayo alikuwa mtu mwenye kinywa na haja yake mwenyewe, si bakuli la sarafu.

Sisi nasi tuna makemeo yetu. Hebu tuyapime.

La kwanza, twasema, "Hawa ni wavivu." Labda yumo mvivu, kama alivyomo hata maofisini. Lakini kumbuka Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa na nyumba za watu zikachomwa. Maelfu walikimbia, na wengi wakalala katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Jana yake walikuwa na vitanda. Kumbuka pia mwaka 2019, mizigo ya bandari ilipoamriwa kupelekwa kwa gari la moshi. Kule Changamwe madereva, mataniboi na akina mama wauzao chakula kando ya barabara walipoteza riziki, wala si kwa uvivu. Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika.

La pili, twasema, "Ukimpa, pesa zaenda kwa mwingine." Hapa pana ukweli. Mwaka 2022 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha jinsi watoto walemavu walivyotolewa Tanzania kwa hila wakaletwa Nairobi kuombeshwa, na jioni fedha zikachukuliwa na waliowaleta. Jambo hilo lachukiza. Lakini, je, dawa yake ni kumkunjia uso mtoto? Mtoto yule ndiye aliyeibiwa. Mwizi hufurahi tunapotupa sarafu bila kuuliza neno, na hufurahi vilevile tunapopita bila kutazama. Huogopa mtu asimamaye na kuuliza, "Mtoto huyu ni wa nani? Alala wapi?"

La tatu, twasema, "Waondolewe, wanauharibu mji." Fikira hii ni ya zamani. Sheria ya uzururaji tuliyoirithi kwa wakoloni ilifutwa mwaka 1997, lakini mioyoni mwetu haijafutwa. Mwezi wa Februari 2019 watu wa mitaani wa Nakuru walipakiwa garini usiku, wakatupwa karibu na msitu wa Chemasusu, Baringo, kana kwamba ni taka. Hesabu ya serikali ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 waishio mitaani katika Kenya nzima, na kati yao 7,529 walikuwa Mombasa. Tutawapakia wote tuwapeleke wapi? Kila mji ukiwafukuza, ni mji gani utakaowapokea?

Wapendwa, sisi Wakristo wa pwani hatuna ruhusa ya kuwadharau wasio na kwao. Nendeni Kisauni, mahali paitwapo Kengeleni. Kengele ile ni ya Frere Town, mji ulioanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa C.M.S. kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza. Waliposhuka pwani hawakuwa na ukoo wala shamba, na wengi walitoka mbali, upande wa Nyasa. Watu wa mji waliwaona kuwa si kitu, na wenye watumwa walikasirika sana misheni ilipowapa watoro mahali pa kujificha. Lakini walipewa nyumba, kazi, shule na jina. Miongoni mwao kanisa letu la bara hii ya Mombasa lilitia mizizi.

Nanyi wasikilizaji wa redio mlimjua mmoja wa wazao wao. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa mjukuu wa mtu aliyekombolewa utumwani. Kwa miaka mingi alituuliza, "Je, huu ni ungwana?" Zamani hapa pwani mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Na tazama, mjukuu wa mtumwa ndiye aliyeifunza nchi nzima ungwana! Kama babu yake angalitupwa msituni, tungalipoteza nini?

Basi tufanye nini? Simwambii mtu aache kutoa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini pamoja na kutoa, tusimame tuulize. Mzee aliyetimiza miaka 70 aweza kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, apate shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini bila kitambulisho haandikishwi. Je, kikundi cha akina mama au cha vijana katika ushirika wako hakiwezi kumshika mkono mzee mmoja hadi kwa chifu? Ukimwona mtoto anayetumiwa, piga simu 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto. Na mzazi wa mtoto asiyeona aambiwe ya kwamba Likoni ipo shule ya wasioona, iliyo chini ya Jeshi la Wokovu. Mtoto wake hakuzaliwa ili aketi mteremkoni.

Mzee wangu wa kivukoni, mwenzangu mmoja na mimi tulimpeleka kwa chifu. Tulikwenda mara tatu, na siku mbili tulikosa kwenda kazini. Nawaambia gharama yake, msije mkadhani ni kazi rahisi. Shilingi kumi ni rahisi zaidi.

Umati wa Yeriko ulianza kwa kumkemea Bartimayo, ukamaliza kwa kumtia moyo ainuke. Vinywa ni vilevile; kilichobadilika ni kwamba Yesu alisimama, nao wakasimama pamoja naye. Leo, utakaposhuka mteremko ule, wewe utakuwa na kinywa gani?

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe haraka yetu. Tumewapita watoto wako tukienda kukuabudu. Utufundishe kusimama na kuuliza, na utupe uvumilivu wa kulisikia jibu na kulitenda. Uwalinde wote waliolala nje usiku wa jana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.