Kimya cha Valvu: Jinsi ya Kurekebisha Valvu za Pikipiki ya Silinda Moja Nyumbani

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kueleza kazi moja ndogo ambayo kila mwenye pikipiki ya njia mbaya aweza kuifanya mwenyewe uani kwake, nayo ni kupima na kurekebisha nafasi ya valvu. Twasema juu ya zile pikipiki nyepesi za silinda moja, zenye tairi za meno makubwa, zipandwazo na mabwana mifugo, waganga wa vijijini na wakulima mahali ambapo motokaa haifiki. Mtu wa namna hiyo injini ikimfia porini, chanjo alizobeba huharibika kwa joto, na mgonjwa amngojeaye hana habari. Kwa hiyo kazi hii ya asubuhi moja si jambo la kupuuza.

Kwanza tufahamu valvu ni nini. Injini ya mipigo minne hupumua kama kiumbe. Juu ya silinda imo milango ya kuingiza hewa na petroli, na milango ya kutoa moshi. Milango hiyo ndiyo valvu. Kila valvu husukumwa na mkono mfupi wa chuma ambao mafundi huuita roka, na roka huinuliwa na kemshafti. Pikipiki za mipigo miwili, zichomazo oili pamoja na petroli, hazina valvu za namna hii, na wenye hizo hawana haja ya somo letu la leo.

Kati ya ncha ya roka na shina la valvu huachwa nafasi nyembamba sana. Sababu yake ni kwamba chuma kikipata moto hurefuka. Kama pasingekuwa na nafasi, valvu ikirefuka ingesukumana na roka, na mlango usingefunga sawasawa. Tuchukue mfano wa Honda XR400R, iliyotengenezwa tangu mwaka 1996 hata 2004. Ina valvu nne katika silinda yake moja. Nafasi ya valvu za hewa ni milimita 0.10, na ya valvu za moshi ni milimita 0.12, na kila moja yaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa 0.02. Milimita 0.10 ni kama unene wa karatasi ya kuandikia. Injini nyingine zina vipimo vyake: Yamaha TW200, yenye valvu mbili tu, hutaka 0.05 hata 0.09 kwa hewa, na 0.11 hata 0.15 kwa moshi. Hapana budi kila mtu asome kitabu cha pikipiki yake, wala asiazime kipimo cha jirani.

Na sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Watu wengi huhangaika wasikiapo valvu zikigonga ta-ta-ta, wakadhani mashine inakufa. Wako na wanaokaza parafujo mpaka sauti iishe kabisa, kisha hufurahi. Kufanya hivyo ni kujitafutia hasara. Valvu yenye nafasi kubwa kupita kiasi hupiga kelele, hupunguza nguvu, na ikiachwa siku nyingi hula ncha ya roka. Lakini yajitangaza yenyewe, na mwenyewe aweza kuitengeneza kwa wakati. Valvu iliyokosa nafasi hunyamaza. Nayo ndiyo ya kuogopwa.

Sababu ni hii. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 2,000 katika dakika hiyo. Valvu ya moshi hupitiwa na miali mikali ya moto, na njia yake kubwa ya kupoa ni kukaa juu ya kiti chake kila ifungapo, ili joto lake lihamie katika chuma cha silinda hedi. Isipokaa vema, joto halina pa kwenda, na moto hupenya kwa nguvu katika ule ufa mdogo. Ukingo wa valvu huungua, mgandamizo hupotea, na injini hukataa kuwaka. Tena, kwa kadiri valvu na kiti chake vinavyolika, valvu hupanda juu kidogo kidogo, na nafasi yazidi kupungua pasipo sauti yoyote. Dalili yake ya kwanza aghalabu ni kiki nyingi za asubuhi kabla injini haijawaka.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Injini iwe baridi kabisa, iwe imelala usiku kucha. Kitabu cha Honda chasema joto la injini lisizidi sentigredi 35. Kwa hiyo sisi tukaao pwani yafaa tuanze alfajiri, kabla jua halijapiga chuma. Osha pikipiki, na upulize vumbi lote lililo kandokando ya vifuniko, maana punje ya mchanga ikiingia ndani ni adui. Funga bomba la petroli, toa kiti na tangi. Fungua plagi, ili injini izunguke kwa wepesi. Kisha fungua vifuniko vya valvu, na vile vifuniko viwili vya ubavu wa kushoto wa injini.

Tia spana ya boksi katika kifuniko cha kati, uzungushe injini polepole kinyume cha mishale ya saa, huku ukitazama katika tundu dogo la juu. Utaona herufi F, nayo ni alama ya cheche, usiishike hiyo. Endelea mpaka herufi T ilingane na alama ya tundu. Hapo pistoni imefika juu. Lakini pistoni hufika juu mara mbili katika kila duru ya kazi, na ni mara moja tu ambapo valvu zote zimefunga. Zitikise roka kwa vidole: zikicheza zote, uko mahali pake, kama hazichezi, zungusha tena duru moja nzima. Na herufi T ikikupita, usirudishe nyuma. Baadhi ya pikipiki za Honda za jamii ya XR zina kifaa ambacho, injini ikirudi nyuma, hushikilia valvu ya moshi isifunge, na kipimo chake kitakudanganya. Endelea mbele duru mbili, ufike upya. Kama upo waya wa kupunguza mgandamizo, hakikisha umelegea kidogo.

Sasa chukua fila geji, yaani yale mabamba membamba ya kupimia. Bamba la kipimo chako lipite kati ya roka na shina kwa uzito kidogo, kama mtu avutaye karatasi iliyolaliwa na kitabu. Bamba lililozidi ukomo wa juu lisipite kabisa. Kama si hivyo, legeza nati, geuza parafujo kidogo sana, kisha ishike parafujo imara huku ukikaza nati. Kisha pima tena, maana nati ikikazwa hupenda kuivuta parafujo pamoja nayo. Ukiwa na shaka kati ya vipimo viwili vilivyo halali, chagua kile kikubwa.

Zikishapimwa zote, zungusha injini duru mbili, urudie kupima. Zipake oili pete za mpira za vifuniko, urudishe kila kitu mahali pake.

Lipo neno moja la mwisho. Andika katika daftari tarehe, kilomita, na nafasi ya kila valvu kama ulivyoikuta kabla ya kuigusa. Daftari hilo ndilo litakalokusemea habari za valvu isiyosema. Ikiwa valvu ile ile yakutwa imebana mara kwa mara, jua ya kuwa kiti chake chalika, na parafujo haitaponya. Peleka silinda hedi kwa fundi mapema. Ikiwa ni valvu ya hewa, tazama na chujio la hewa, kwani vumbi la njia zetu likipita hapo husaga valvu kama tupa.

Wazee walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi yeye ambaye pikipiki yake yagonga kidogo asubuhi asione haya. Na yeye ambaye yake imenyamaza kabisa asijisifu kabla hajapima.