Masihi katika Nchi ya Chai

Huko Kericho na Bomet, nchi ya Wakipsigis, mashamba ya chai yametanda vilimani kama busati, na wakazi wengi ni Wakristo. Katika mtaala wa 8-4-4, ulioanza 1985, wanafunzi wa sekondari wa huko, sawa na wenzao wa Kenya nzima, walisomeshwa habari za Masihi kwa maandiko: ahadi ya Nathani kwa Daudi, kisha Isaya, Yeremia, Zaburi na Mika aliyeitaja Bethlehemu, ndipo wakaingia Injili ya Luka.

Kwetu pwani neno hili si geni. Masihi, lililomo katika Biblia ya Kiswahili ya 1952, limetujia kwa Kiarabu, na ni ndugu wa neno la Kiebrania lenye maana ya aliyepakwa mafuta. Nasi chuoni tulilisoma katika Al-Imran, aya ya 45: Al-Masih Isa bin Maryam.

Tofauti ipo, wala haifai kufichwa: wao humwita Mwana wa Mungu, sisi twamwita mtume na mja Wake. Basi atakaye kujadiliana na jirani, na asikilize kwanza jirani asomavyo, ndipo ajibu. Jina ni moja. Ajuaye lilivyosomwa upande wa pili hatamjibu mwenzake kwa kejeli.