Hewa Inayongojwa Wodini

Asubuhi baada ya kujifungua kwa upasuaji, daktari anayepita wodini humsogelea mzazi na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Mama, umeshatoa hewa?" Mara nyingi mzazi huinamisha macho, hasa mama mkwe akiwa ameketi kando na chupa ya uji. Wapo wanaoitikia "ndiyo" kwa haya tu, ili swali lipite, na jibu hilo lisilo la kweli likaandikwa kwenye faili. Si rahisi kuwalaumu, kwani wamelelewa kulificha jambo hilo tangu utotoni. Lakini baada ya upasuaji wa tumbo, hewa hiyo ndiyo habari njema inayosubiriwa.

Utumbo ulioguswa na mikono ya mpasuaji hulegea na kutulia. Utumbo mwembamba huamka kwa kawaida ndani ya saa 24, mfuko wa chakula baada ya saa 24 hadi 48, na utumbo mpana huchelewa zaidi, hata kufikia saa 72. Katika muda huo gesi hukosa wa kuisukuma. Tumbo hujaa, hukaza na kuuma kwa vipindi. Dawa kali za maumivu kama morfini, pethidini na tramadoli huongeza ulegevu huo. Hata hivyo, kukataa dawa zote ni kosa, maana mwenye maumivu makali hapumui vizuri wala hainuki kitandani. Palipo na uwezekano, parasetamoli na diklofenaki hupunguza haja ya zile kali.

Wodi nyingi bado zina desturi ya kumnyima mzazi chakula mpaka atoe hewa. Desturi hiyo imepitwa na wakati. Tangu miaka ya 1990, Henrik Kehlet, mpasuaji wa Denmark, alipoanza kuhoji mazoea ya kumfungisha na kumlaza mgonjwa, imedhihirika kwamba mama aliyejifungua kwa upasuaji usio na matatizo anaweza kunywa na kula chakula chepesi ndani ya saa chache, na utumbo wake huamka mapema zaidi. Uji au mtori kidogo kidogo humfaa kuliko sahani iliyojaa. Soda, maharage na kabichi vingoje. Kutafuna chingamu, ambayo wengi huiita bigijii, nako husaidia, kwa kuwa utumbo hudhani chakula kinakuja. Aliyekatwa na kuunganishwa utumbo ni habari nyingine: huyo afuate maelekezo ya mpasuaji wake.

Kutembea hakuuamshi utumbo kwa kiasi ambacho wengi huamini, lakini huzuia damu kuganda miguuni, na wagonjwa wengi huhisi gesi ikisogea wanapogeuka ubavu na kuinuka. Mto mdogo ukikandamizwa juu ya mshono hupunguza maumivu wakati wa kukohoa.

Aliyepasuliwa kwa matundu madogo huweza kushangazwa na maumivu ya bega. Hewa ya kaboni iliyojazwa tumboni wakati wa upasuaji huusumbua msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mishipa ya fahamu huyapeleka maumivu begani. Hupungua kwa siku chache. Yakiambatana na kubanwa pumzi au maumivu ya kifua, muuguzi aambiwe mara moja.

Kinachohitaji uthabiti zaidi ni kukandwa. Maji ya moto na mikono ya shangazi, vilivyokusudiwa kwa upendo, huweza kuunguza ngozi iliyokufa ganzi kuzunguka mshono au kuufungua. Vivyo hivyo dawa za kuharisha na bomba la sabuni: visitumike bila idhini ya daktari.

Gesi ya kawaida huja na kuondoka, na kila siku huwa nafuu kuliko jana. Tumbo linalozidi kuvimba na kukaza, matapishi ya kijani, homa, moyo kwenda mbio, au kutotoa hewa wala choo huku maumivu yakipanda, huenda ni utumbo ulioziba au usaha tumboni. Hapo mgonjwa asile wala kunywa kitu, bali apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku. Akifika aeleze tarehe ya upasuaji, dawa alizotumia na lini alitoa hewa mara ya mwisho. Akiona haya, ndugu aliyemsindikiza amsemee.