Kukutana na bendi ya hevi metali: Furaha, gharama na hatari zake

KWA mpenzi wa muziki wa hevi metali, kuwa na albamu zote za bendi aipendayo hakutoshi. Hujiona ana deni hadi siku atakaposimama mbele ya jukwaa, alisikie gitaa likinguruma na, akibahatika, ashikane mkono na watu waliomliwaza kwa miaka mingi bila wao kumjua.

Deni hilo ni ghali kulilipa, hasa kwa anayeishi mbali na njia za ziara za bendi kubwa. Metallica ilipopiga Cape Town na Johannesburg mwezi Aprili 2013, na Iron Maiden ilipofika katika miji hiyo hiyo mwezi Mei 2016, mpenzi wa Nairobi au Dar es Salaam aliyetaka kuwaona alihitaji tiketi mbili: ya onyesho na ya ndege.

Iron Maiden wenyewe walikwenda huko kwa Boeing 747 ya kukodi, na mmoja wa marubani wake alikuwa mwimbaji wa bendi hiyo, Bruce Dickinson.

Swali la kujiuliza ni hili: shabiki hutafuta nini katika safari ya namna hiyo ilhali muziki wenyewe anao nyumbani? Na ni kwa nini hatua chache zinazomtenga na msanii zimekuwa jambo la kulindwa na walinzi, kuuzwa kwa fedha nyingi, na hata kufikishwa mahakamani?

Sauti inayosikika kifuani

Jibu la kwanza limo katika sauti yenyewe. Hevi metali ilizaliwa Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza, ambako vijana wanne waliunda bendi ya Black Sabbath mwishoni mwa miaka ya 1960. Walikuwa Tony Iommi, Geezer Butler, Bill Ward na Ozzy Osbourne.

Iommi alikuwa na umri wa miaka 17 alipokatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha mabati. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvalisha vidole hivyo, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili asiumie anapozibana. Nyuzi zilizolegezwa hutoa sauti nzito na ya chini, na uzito huo ukawa alama ya muziki mzima uliofuata.

Sauti ya namna hiyo haisikiki kwa masikio tu. Ikitoka katika spika kubwa za uwanjani, mtetemo wake hupita kifuani na miguuni, jambo ambalo redio ya nyumbani au simu ya mkononi haiwezi kulifanya. Ndiyo maana mashabiki husema kwamba albamu ni picha ya bendi, lakini onyesho ndiyo bendi yenyewe.

Hata hivyo, raha hiyo ina madhara yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sauti katika kumbi za starehe isizidi wastani wa desibeli 100 ndani ya dakika 15, kwa kuwa kelele za juu huua chembe za usikivu ambazo hazioti tena. Mwenye busara huziba masikio kwa vizibo maalumu na bado akafurahia muziki.

Hatua chache, maana tofauti

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua vyema desturi ya kumtunza mwimbaji wa taarab. Mpenzi huinuka, husogea jukwaani kwa madaha, humpa mwimbaji noti na kurejea kitini. Kumkaribia msanii ni sehemu ya onyesho lenyewe, na kila mmoja anajua mipaka yake.

Katika hevi metali, hasa katika kumbi ndogo za miaka ya 1980, nako kulikuwa na desturi ya shabiki kupanda jukwaani. Tofauti ni kwamba yeye hakwenda kutunza. Alipanda, akacheza kwa sekunde kadhaa, kisha akajirusha chini akitarajia kudakwa na mikono ya wenzake.

Kwa mgeni, hayo yalionekana kuwa fujo. Kwa wenyeji yalikuwa na kanuni zake: anayeanguka huinuliwa mara moja, na anayezimia hupitishwa juu kwa juu hadi kwa walinzi. Shabiki na msanii walijiona kuwa ni jamii moja, nao ukingo wa jukwaa haukuwa ukuta.

Matukio mawili yalibadili mtazamo huo.

Usiku wa Columbus

La kwanza lilitokea Desemba 8, 2004 katika ukumbi wa Alrosa Villa mjini Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani. Jukwaani ilikuwa bendi ya Damageplan, iliyoundwa na ndugu wawili baada ya kuvunjika kwa bendi yao maarufu ya Pantera: mpiga ngoma Vinnie Paul na mpiga gitaa Darrell Abbott, aliyejulikana zaidi kwa jina la Dimebag Darrell.

Onyesho lilikuwa ndiyo kwanza limeanza pale mtu mwenye bastola alipopanda jukwaani na kumpiga risasi Dimebag, ambaye alifariki dunia papo hapo akiwa na umri wa miaka 38. Watu wengine watatu waliuawa, akiwamo shabiki mmoja, kabla ya askari polisi kuingia na kumuua mshambuliaji huyo.

Kilichowaumiza wengi ni kwamba Dimebag alikuwa miongoni mwa wasanii waliosifika kwa ukarimu. Hakuwakimbia mashabiki, aliongea nao, alikunywa nao na kucheka nao kana kwamba ni majirani zake.

Tarehe hiyo ilikumbusha msiba mwingine. Desemba 8, 1980, miaka 24 kamili kabla ya hapo, John Lennon aliuawa mjini New York na mtu ambaye saa chache kabla alimwomba saini yake juu ya albamu, naye akampa.

Tangu usiku wa Columbus, ukaguzi milangoni ukawa mkali zaidi, na anayepanda jukwaani bila ruhusa hakutazamwa tena kama mcheza ngoma aliyezidiwa na furaha. Mlinzi hana muda wa kuuliza nia; ni lazima aamue ndani ya sekunde moja.

Kesi ya Prague

Tukio la pili lilionyesha upande wa pili wa shilingi. Mei 24, 2010, bendi ya Lamb of God ya Marekani ilipiga katika ukumbi mmoja mjini Prague, Jamhuri ya Cheki. Shabiki mwenye umri wa miaka 19 alipanda jukwaani, kisha akaanguka chini na kuumia kichwa. Baada ya wiki kadhaa alifariki dunia.

Mwimbaji wa bendi hiyo, Randy Blythe, alisema hakuwa na habari ya kifo hicho hadi Juni 2012, aliporejea Prague kwa onyesho jingine na kukamatwa uwanja wa ndege. Alituhumiwa kwamba alimsukuma kijana huyo, na alikaa gerezani zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuachiwa kwa dhamana na kurudi kwao.

Wengi walidhani hatarudi tena, lakini Blythe alirejea kwa hiari yake kukabili kesi, akieleza kwamba familia ya marehemu ilistahili kupata majibu. Machi 5, 2013 mahakama ilimwachia huru. Iliona kwamba alikuwa na wajibu wa kimaadili, lakini si kosa la jinai, na kwamba sehemu kubwa ya lawama iliwaangukia waandaaji na walinzi walioshindwa kulinda jukwaa. Rufaa iliyosikilizwa Juni mwaka huo haikubadili uamuzi huo.

Funzo la kesi hiyo ni zito. Kama Columbus ilionyesha kwamba msanii anaweza kufa mikononi mwa aliyemkaribia, Prague ilionyesha kwamba shabiki naye anaweza kupoteza maisha kwa kutafuta ukaribu huo huo. Uzio wa chuma unaowekwa mbele ya jukwaa, na walinzi wanaosimama katikati, huwalinda wote wawili.

Ukaribu unaouzwa

Uzio ulipoimarika, ukaribu ukawa bidhaa, na hapo ndipo uchumi wa muziki unapoingia.

Zamani bendi ilifanya ziara ili kuuza albamu. Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1990, watu walipoanza kubadilishana nyimbo bure kwa njia ya intaneti. Metallica iliishitaki kampuni ya Napster mwaka 2000 kwa sababu hiyo, na baadhi ya mashabiki wake waliikasirikia. Lakini wimbi halikurudi nyuma. Leo albamu ndiyo inayotangaza ziara, na kwa bendi nyingi tiketi na fulana zinazouzwa ukumbini ndiyo mkate wa kila siku.

Matokeo yake ni tiketi za wageni maalumu, ambazo bei yake huzidi mara kadhaa tiketi ya kawaida. Mnunuzi huingia ukumbini mapema, hupewa zawadi ndogo, hupanga foleni, hupiga picha na wanamuziki na kutoka. Foleni ikiwa ndefu, mazungumzo hayazidi salamu.

Wapo wanaotetea utaratibu huo. Wanasema ni salama, una mpangilio, na husaidia bendi ndogo kulipia mafuta ya basi na malazi. Wanaoupinga wanasema kumsalimia aliyekuweka mjini si jambo la kutozwa fedha, na kwamba shabiki maskini, ambaye pengine ndiye mwaminifu zaidi, hubaki nje.

Zipo njia za kati. Klabu ya mashabiki ya Iron Maiden, kwa mfano, huendesha bahati nasibu ambayo washindi wake huruhusiwa kuingia kabla ya wengine na kusimama kwenye uzio, hatua chache kutoka kwa bendi. Hapo anayeshinda ni mwenye bahati, awe tajiri au la.

Njia nyingine ni tamasha. Katika kijiji cha Wacken, kaskazini mwa Ujerumani, lilianzishwa mwaka 1990 tamasha dogo la watu mia kadhaa ambalo sasa huvuta makumi ya maelfu kila mwaka. Wanamuziki wa bendi zisizo kubwa hutembea humo miongoni mwa wageni na kutia saini bila haraka. Mwaka 2016 waliopanda jukwaani huko ni pamoja na Overthrust, bendi ya hevi metali kutoka Botswana.

Nchini Botswana kwenyewe, ambako mashabiki hujulikana kwa mavazi yao ya ngozi na kofia za wachunga ng’ombe, mpiga gitaa na msikilizaji wake huweza kuwa majirani. Ndivyo ilivyo hata katika kumbi ndogo za Nairobi, ambako bendi za roki na metali zimekuwa zikipiga kwa miaka mingi. Anayetaka kumshika mkono msanii hana haja ya kununua foleni. Humsubiri ashushe vyombo vyake.

Buriani ya Birmingham

Ukweli kwamba nafasi ya kuonana haidumu ulidhihirika Julai 5, 2025. Siku hiyo Black Sabbath walirejea Birmingham, katika uwanja wa Villa Park, kwa onyesho la mwisho lililowakutanisha wote wanne walioanzisha bendi. Metallica, Slayer, Guns N’ Roses na wengine wengi walipiga kabla yao, na mapato yalielekezwa kwa hospitali ya watoto, nyumba ya kuwahudumia watoto wagonjwa mahututi na utafiti wa ugonjwa wa Parkinson.

Ozzy Osbourne, aliyetangaza mwaka 2020 kwamba anaugua maradhi hayo, hakuweza kusimama. Aliimba akiwa ameketi katika kiti cheusi cha enzi, mbele ya makumi ya maelfu ya watu, wengi wakibubujikwa na machozi.

Siku 17 baadaye, Julai 22, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 76.

Mnamo Julai 30 jeneza lake lilipitishwa polepole katika barabara ya Broad Street, na familia yake ilishuka kwenye daraja lililopewa jina la bendi yake ili kutazama mashada ya maua. Maelfu walisimama pande zote mbili za njia. Hapakuwa na tiketi wala foleni ya picha.

Wengi wa waliosimama pale hawakupata kumshika mkono hata siku moja. Walikuwa wamemwona akiwa jukwaani, naye, kama ilivyokuwa kawaida yake kila usiku, aliwaambia kwamba anawapenda. Kwao hilo lilitosha kuwatoa nyumbani kwenda kumzika.