Kipenga cha sekunde moja, lawama za miaka: nani anamhukumu refa?

NYANKUNDE, Ituri. Usiku wa Januari 18, 2026, Wakongo hawakuwa na timu kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Rabat, lakini walikuwa na mtu wao uwanjani. Jean-Jacques Ndala Ngambo, mwamuzi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndiye aliyeshika kipenga kati ya wenyeji Moroko na Senegal. Mechi ilipokwisha, mjadala haukuwa juu ya bao la Pape Gueye peke yake. Ulikuwa juu ya Ndala.

Nyankunde ni mji mdogo wa Irumu, kusini-magharibi mwa Bunia, unaojulikana zaidi kwa hospitali yake kuliko kwa kabumbu. Katika miji kama huu, habari za mechi ya mbali hufika kwa redio, kwa simu na kwa mdomo wa jirani, na mara nyingi hufika zikiwa zimeshafupishwa. Refa ameiba. Refa amekula. Refa ameuza mechi. Maneno mawili yanatosha kumaliza kesi ambayo hata wenye kanda za video bado wanaibishania.

Lakini ni nini hasa kilichotokea Rabat?

Bao lililokataliwa na penalti iliyotolewa

Dakika za nyongeza za kipindi cha pili, matokeo yakiwa 0-0, Senegal walipata kona. Abdoulaye Seck alipiga kichwa, mpira ukagonga mwamba, na Ismaïla Sarr akaumalizia wavuni. Ndala alikuwa ameshapuliza kipenga: aliona Seck amemsukuma Achraf Hakimi.

Hapa ndipo habari nyingi zilipojikwaa. Mashabiki waliuliza kwa nini VAR haikulirudisha bao. Jibu liko kwenye kanuni: kipenga kikishalia kabla ya mpira kuvuka mstari, mchezo umesimama, na hakuna bao la kuchunguzwa. Ndiyo maana waamuzi wa siku hizi hufundishwa kuchelewesha kipenga pale bao linaponukia. Mtu anaweza kumlaumu Ndala kwamba aliwahi mno, au kwamba msukumo ule ulikuwa mdogo. Hiyo ni hoja ya soka. Kusema kwamba "VAR iliwanyima Senegal bao" ni jambo jingine, na si kweli.

Dakika chache baadaye, El Hadji Malick Diouf alimvuta Brahim Díaz ndani ya eneo la hatari. Safari hii Ndala aliitwa kwenye runinga ya pembeni, akatazama, akatoa penalti. Kocha Pape Thiaw akawaondoa wachezaji wake uwanjani. Mechi ilisimama kwa zaidi ya dakika kumi, hadi Sadio Mané alipowarudisha wenzake. Díaz akapiga mkwaju wa madoido katikati ya goli, Édouard Mendy akaudaka kirahisi. Katika muda wa ziada Gueye akafunga, na uwanjani mechi ikaisha Senegal 1, Moroko 0. Ugomvi ukahamia mezani, kwenye vyombo vya nidhamu vya CAF.

Ukisimulia yote haya, msikilizaji anaweza kuamua mwenyewe kama Ndala alikosea. Ukisema "refa ameiba", umeshamwamulia.

Wakongo wanaijua hukumu hii

Kama kuna taifa linalopaswa kuelewa ubaya wa hukumu ya haraka, ni hili. Mwaka 1974, Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, huko Ujerumani Magharibi. Kutoka mashindano yale dunia inakumbuka picha moja: Juni 22, Brazil wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu, na beki Ilunga Mwepu anachomoka ukutani na kuubutua mpira mbali. Mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania akampa kadi ya njano. Kwa miaka mingi watangazaji wa Ulaya waliirudia picha hiyo kama kichekesho, ushahidi kwamba Waafrika hawakujua sheria za mpira.

Mwepu alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Timu ilikuwa imegundua kwamba haitalipwa posho zake, na kwa maelezo yake, wachezaji walikuwa wametishwa na watu wa Mobutu wasifungwe mabao mengi na Brazil. Alichofanya kilikuwa hasira na woga. Maelezo hayo yalikuja wakati kicheko kimeshazunguka dunia, na alipofariki mwaka 2015 bado ile picha ndiyo iliyotangulia jina lake.

Siku nne kabla ya tukio hilo kulikuwa na jingine, ambalo halikupata umaarufu huo. Juni 18, katika kipigo cha 9-0 mbele ya Yugoslavia, mwamuzi Omar Delgado wa Colombia alimtoa nje Ndaye Mulamba, mfungaji aliyekuwa ametoka kuweka rekodi ya mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka huo. Mulamba hakuwa na kosa. Aliyempiga teke mwamuzi alikuwa mwingine, Mwepu huyo huyo. Delgado alichanganya watu wawili.

VAR ilipoanzishwa, kuchanganya wachezaji lilikuwa mojawapo ya mambo manne iliyopewa kuyasahihisha, pamoja na mabao, penalti na kadi nyekundu za moja kwa moja. Mwaka 1974 hapakuwa na video wala gazeti la mbali lililojali. Kosa la mchezaji wa Zaire likawa hadithi ya dunia. Kosa la mwamuzi dhidi ya mchezaji wa Zaire likabaki mstari mmoja kwenye kumbukumbu za mechi. Vyombo vya habari ndivyo vilivyochagua kipi kikumbukwe.

Aliyechekwa alikuwa mgonjwa

Januari 12, 2022, mjini Limbe, Kameruni, Mzambia Janny Sikazwe alimaliza mechi ya Tunisia na Mali mara mbili: kwanza dakika ya 85, kisha kabla dakika ya 90 haijatimia. Ndani ya saa moja alikuwa mzaha wa bara zima, na waliokumbuka kwamba aliwahi kusimamishwa mwaka 2018 na kusafishwa tena walianza kunong'ona kuhusu rushwa.

Ukweli uliofuata ni kwamba joto lilikuwa limemzidi. Alipelekwa hospitali, na baadaye alisimulia kwamba alichanganyikiwa, hakuwasikia wenzake kwenye mawasiliano, na kwamba angeweza kupoteza fahamu asizinduke. Novemba 23 mwaka huo huo, FIFA ilimpa mechi ya Ubelgiji na Kanada kwenye Kombe la Dunia nchini Qatar. Wengi waliosambaza kichekesho hawakusambaza maelezo.

Kosa si hila

Haya hayana maana kwamba waandishi wanyamaze. Wapo waamuzi waliouza mechi. Novemba 2016, Mghana Joseph Lamptey aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal kwa madai ya mkono, wakati mpira ulikuwa umegonga goti la Kalidou Koulibaly. FIFA ilichunguza, ikiwemo mwenendo wa dau kwenye kamari, ikamfungia Lamptey maisha na kuamuru mechi irudiwe. Senegal walishinda marudio 2-0 Novemba 2017, wakafuzu Kombe la Dunia.

Tofauti kati ya Lamptey na Sikazwe ni ushahidi. Kwa macho ya shabiki, siku ile ile, wote wawili walionekana wezi. Mwandishi anayetumia neno moja kwa wote wawili humficha mwizi wa kweli katikati ya waliokosea tu.

Neno linapofika kijijini

Mwamuzi wa Rabat ana runinga ya pembeni, walinzi na ndege ya kumrudisha nyumbani. Mwamuzi wa mechi ya vijana katika kijiji cha Irumu hana hata kimoja. Hana marudio ya video, na mara nyingine hana wasaidizi wenye bendera. Mechi ikiisha, anarudi kwa miguu kwenye mtaa ule ule wanaoishi waliofungwa.

Na Ituri si mahali pa kucheza na lawama. Nyankunde yenyewe ilishambuliwa Septemba 2002, watu wengi wakauawa, wengine wakiwa hospitalini. Mkoa umekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Katika mazingira hayo, kumwambia mtu "umependelea watu wako" kwa sababu ya mpira wa kuotea si utani wa mashabiki. Kijana aliyezoea kusikia redioni kwamba kila uamuzi mbaya umenunuliwa ataingia uwanjani na imani hiyo, na jiwe liko karibu.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Mtangazaji anaweza kujiuliza maswali machache kabla ya kufungua kipaza sauti. Mwamuzi alisimama wapi, na angeweza kuona nini? Kanuni inasema nini? Je, kosa hilo ndilo lililoamua mechi, au timu ilikosa mabao yake yenyewe? Na kama ni rushwa, ushahidi uko wapi?

Wenye mamlaka nao wana deni. Kwa kawaida waamuzi hawaruhusiwi kuzungumza na waandishi baada ya mechi, na pale mwamuzi asipoeleza, uvumi hueleza kwa niaba yake. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023, Australia na New Zealand, waamuzi walitangaza uamuzi wa VAR kwa kipaza sauti, uwanja mzima ukisikia. Huko Irumu hakuna VAR ya kutangazwa, lakini mwamuzi anaweza kuwaita manahodha wawili na kuwaeleza kwa sauti kwa nini amepuliza. Inachukua nusu dakika, na inampa mtu wa redio kitu cha kusema zaidi ya "refa ameiba".